Turbo kwenye Injini Isiyozaliwa Nayo

Pistoni ilikuwa imelazwa juu ya gazeti la wiki iliyopita, bado inachuruzika oili. Fundi aliigeuza kwa kidole kimoja mpaka upande uliovunjika ukatazama taa. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili, mahali panapotakiwa kuwa na ukuta mwembamba wa aluminiamu, palikuwa na pengo lenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Kipande chenyewe hakikuwapo tena. Kilisagika kikatoka na moshi wa eksozi, na kabla ya kutoka kilikwangua silinda mistari minne mirefu, mistari ambayo ukiipitishia ukucha unakwama.

Plagi nayo ilikuwa na habari yake. Kwenye kauri nyeupe inayozunguka ncha yake palikuwa na chembe ndogo zinazong'aa, kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi laini. Nilidhani ni uchafu wa petroli.

“Hiyo ni pistoni,” fundi akaniambia. “Ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo na kurukia hapa. Plagi hii ilianza kulalamika siku nyingi kabla injini haijafa. Hakuna aliyeifungua akaiangalia.”

Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, mikono nyuma, kama ndugu wa mgonjwa anayesubiri daktari atoke. Ni kijana wa miaka 20 na ushei. Gari lake ni Toyota Altezza RS200 nyeupe, ya gia sita za mkono, aliyoitunza miaka mitatu kwa oili nzuri na vipuri halisi. Kisha akaagiza seti ya turbo kwa mtandao, akafungiwa huko Arusha anakofanya kazi, na kwa wiki tisa akaendesha gari alilokuwa akiliota. Wiki ya kumi akaanza safari ya kuja Dar es Salaam kwenye harusi ya dada yake. Kati ya Korogwe na Segera, akilipita lori kwenye mwinuko, alisikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Moshi wa buluu ukajaa nyuma, nguvu ikakatika. Altezza iliingia jijini ikiwa juu ya gari la kubebea magari mabovu.

“Mzee, waliniambia busti ndogo haina madhara,” alisema, tena kwa upole kabisa.

“Ndogo kwa injini ipi, mwanangu?” fundi akamuuliza.

Swali hilo ndilo ninalotaka kulijibu hapa, na nalijibu kama mtu anayelipenda gari hili. Altezza yangu imepita miaka 20, na usiku mwingi nimekaa na kalamu nikipiga hesabu za turbo. Najua sauti ile ya upepo inavyomvuta mtu. Najua pia kwamba wanaouza seti hizi hukuonyesha turbo inayong'aa kwenye boksi, na hawakuonyeshi pistoni iliyo juu ya gazeti.

Toyota ilianza kuuza Altezza mwaka 1998, na msimu uleule ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka nchini Japani. Ndani ya RS200 kuna injini ya 3S-GE, lita 2, silinda nne, iliyosanifiwa kwa kushirikiana na Yamaha. Inatoa nguvu za farasi 210 bila turbo, na inazitoa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kwa injini ya lita 2 inayojivutia hewa yenyewe, nguvu hizo ni nyingi mno. Mojawapo ya njia zilizotumika kuzipata ni kompresheni kubwa: 11.5 kwa 1. Pistoni ikipanda hadi juu, mchanganyiko wa hewa na petroli uliojaza silinda nzima unabanwa mpaka ubaki sehemu moja tu kati ya 11 na nusu. Ukibanwa hivyo, mlipuko wake unasukuma kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo utamu wa injini hii ulipo, na hapo hapo ndipo ilipo hatari ya kuifungia turbo.

Injini hii ina dada yake, 3S-GTE, aliyefungwa kwenye Celica GT-Four, MR2 na Caldina GT-T. Kipenyo cha silinda ni milimita 86 kwa wote wawili, na pistoni inapanda na kushuka milimita 86 kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba huyu wa pili alizaliwa na turbo. Na Toyota, kabla ya kumwongezea chochote, walimpunguzia: kompresheni ikashushwa hadi kati ya 8.5 na 9, kulingana na toleo. Chini ya pistoni wakaweka vijinozeli vinavyorusha oili ili kupooza matumbo yake. Nozeli za petroli zikawa kubwa, na kontrolboksi ikaandikwa upya ijue kwamba hewa inayoingia haivutwi, inasukumwa. Mwisho wa kazi hiyo yote, toleo la mwisho lililowekwa kwenye Caldina lilikuwa na nguvu za farasi 260. Ni farasi 50 tu zaidi ya Altezza. Wahandisi waliokuwa na maabara, mamia ya injini za kuharibu na mishahara ya kufanya kazi hiyo waliridhika na 50. Kijana wetu aliahidiwa 90, kwa pistoni zilezile lilizokuja nazo gari kutoka Japani.

Kwa nini kompresheni iwe na uzito kiasi hicho? Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli analo jibu mkononi. Ziba tundu la pampu kwa kidole, sukuma mara kumi, kisha shika mwili wa pampu: ni wa moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Turbo inaibana hewa kabla haijaingia kwenye injini, na shinikizo hilo la ziada ndilo busti. Hewa ya nyuzi 30, ambayo ndiyo hewa ya kawaida ya pwani yetu, ikisukumwa kwa nusu ya kipimo cha bar hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 80. Kisha pistoni inaipokea na kuibana tena, mara 11 na nusu. Joto linarundikana juu ya joto.

Katika hali ya kawaida plagi hurusha cheche, moto ukaanza pale, ukatembea kwa mpangilio mpaka ukutani mwa silinda. Lakini mchanganyiko ukishakuwa na joto kupita kiasi, sehemu ambayo moto haujaifikia hushindwa kusubiri. Inalipuka yenyewe, papo kwa papo, na wimbi lake linaipiga pistoni kama nyundo. Ule mlio wa kokoto kwenye kopo ndio huo. Mafundi wetu husema injini “imenoki” wakimaanisha imekwisha, imekufa kabisa. Neno lenyewe limetokana na kugonga huku kwa mwanzo, kunakokuja mapema, wakati injini ingali nzima na bado inaweza kuokolewa. Natamani tungekuwa na maneno mawili, moja la kilio na jingine la kifo, maana madereva wengi hulisikia neno hili kwa mara ya kwanza siku ya kifo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1962 kampuni mbili zilizokuwa chini ya General Motors ya Marekani zilitoa magari ya turbo karibu kwa pamoja. Chevrolet waliiweka kwenye Corvair, wakashusha kompresheni hadi takribani 8 kwa 1, na gari likaendelea kuuzwa kwa miaka. Oldsmobile, kwenye gari lililoitwa Jetfire, hawakutaka kuipoteza kompresheni. Wakaiacha 10.25 kwa 1 na kuweka turbo juu yake. Ili injini isigonge, wakatia tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa ndani kila turbo inapofanya kazi. Maji hayo waliyapa jina, Turbo-Rocket Fluid, na mwenye gari alitakiwa kuyajaza mara kwa mara kama anavyojaza petroli.

Wenye magari hawakuyajaza. Wengine walisahau, wengine hawakuona sababu. Tangi likikauka, valvu ilifunga njia na gari likanyimwa nguvu zilizofanya linunuliwe, na malalamiko yakafurika. Jetfire iliuzwa misimu miwili tu, na zote kwa jumla hazikufika 10,000. Baadaye kampuni yenyewe ikawa inawafungulia wateja turbo na kuwarudishia kabureta ya kawaida. Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu kila seti ya turbo inayofungwa leo kwenye injini yenye kompresheni kubwa ni Jetfire nyingine: kuna kitu kimoja chembamba kinachosimama kati ya injini na kugonga, na mwenye gari akikisahau siku moja tu, basi.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani turbo ni adui. Mwaka 1993 Celica zenye injini ya 3S-GTE zilishika nafasi zote nne za mwanzo kwenye Safari Rally ya Kenya, na mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akaibuka bingwa akiwa na Celica. Yalikuwa mashindano ya kilomita nyingi za vumbi, mawe, mito na jua kali, na injini zilistahimili. Supachaja, ambayo nayo husukuma hewa ndani ya injini, ni vilevile. Toyota walipoiweka kwenye injini ya 4A-GE ya lita 1.6 miaka ya 1980, toleo la kwanza walilishushia kompresheni hadi 8 kwa 1 na kulipa pistoni imara zaidi. Kila mahali wenye kiwanda wanarudia somo lilelile, na kila mahali seti za kwenye boksi zinaliruka.

Sasa turudi barabara ya Korogwe, maana kifo cha injini ile kina sehemu ambayo wauzaji wa nchi za mbali hawawezi kuijua.

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Turbo ilifungwa kule, na kisanduku cha kuongezea petroli kikapangwa kule, jioni, kwenye baridi. Geji ya busti ilisoma nusu ya bar. Lakini geji ile haihesabu kutoka sifuri, inahesabu juu ya hewa iliyopo mahali ulipo. Nusu ya bar ya Arusha inakaa juu ya hewa ya kama 0.86, jumla 1.36. Nusu ya bar ya Korogwe, chini kule kwenye mkonge, inakaa juu ya hewa ya kama 0.98, jumla karibu 1.48. Sindano iko palepale, dereva ana amani, na ndani ya manifoldi shinikizo limeongezeka kwa takribani asilimia 9. Kisanduku kinaendelea kumimina petroli ya Arusha. Petroli pungufu huwaka kwa joto kali zaidi, na hewa yenyewe ya adhuhuri imeshapata joto kabla hata turbo haijaigusa. Ongeza mwinuko, lori mbele, gia ya nne, mguu umezama.

Nilipomweleza kijana hesabu hii aliinamisha kichwa. “Kumbe tangu natoka Same gari lilikuwa linanionya,” alisema. Alikumbuka kwamba lilikuwa “linakereketa” kila akikanyaga, akadhani ni bati la kukingia joto la eksozi limelegea.

Nchi zetu zimejaa miteremko ya namna hii. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na Mombasa iko ufukweni. Mbeya, Iringa na Nakuru zote ziko juu, na wote wanaoishi huko huteremka pwani siku moja. Gari lililopangiwa mlimani lazima lijaribiwe pwani, au lipewe kontrolboksi yenye kihisio cha kusoma shinikizo halisi la hewa ndani ya manifoldi. Nimezungukia gereji kadhaa zinazofunga turbo nikiuliza swali hilo moja, kama gari wanalolipanga litashuka kwenda pwani wanafanyaje. Gereji moja tu ilikuwa na jibu.

Kuna pia suala la petroli. Injini ya RS200 iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipungui oktani 96, huku ile ya kawaida ikianzia 89. Oktani ni uvumilivu wa petroli: ikiwa kubwa, petroli inavumilia joto na kubanwa bila kujiwasha. Altezza isiyo na turbo tayari inahitaji uvumilivu huo wote. Ukishaongeza turbo unakopa uvumilivu ambao hata pampu za Tokyo hazikuahidi, sembuse petroli iliyosafiri kwa lori na kukaa kwenye tangi la kituo cha mbali.

Mengine nitayapitia haraka. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, kwa hiyo oili chafu au ya bei ya kutupa huiua turbo kwanza, kisha vipande vyake huenda kuiua injini. Ukizima gari mara tu baada ya mwendo mkali, oili iliyobaki ndani huungua ikawa kama lami. Klachi ya kiwandani itaanza kuteleza. Giaboksi ya gia sita ya Altezza inafahamika na kila mpenzi wa gari hilo kwamba haistahimili mzigo mkubwa. Gasketi ya hedi, rejeta na feni zilipangiwa farasi 210 zikiwa mpya, na Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Hakuna Altezza mpya. Kila injini unayoiona barabarani ni ya uzee, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi si lazima ziwe ndizo ilizotembea.

Kwa anayetaka kweli, njia ipo, na nimeiona ikifanikiwa. Injini inafunguliwa kabla ya turbo kununuliwa. Zinaingia pistoni za kufuliwa, zenye kompresheni iliyoshushwa hadi karibu na 9, pamoja na konrodi imara. Nozeli na pampu ya petroli zinabadilishwa. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, inawekwa mahali penye upepo wa kweli. Kontrolboksi inayojitegemea inapangwa na mtu anayejua kusoma kipimo cha hewa na petroli, gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, na fundi akiwa tayari kusema “hapa panatosha”. Ukishafanya yote hayo, turbo yenyewe itakuwa mojawapo ya vitu vya bei ndogo kwenye orodha. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hawezi kulipia orodha hiyo yote asinunue hata kitu kimoja kati ya hivyo. Anunue Caldina GT-T, au Subaru yenye turbo ya kiwandani, au Chaser ya 1JZ-GTE, alitunze. Atakwenda kasi zaidi, na kwa gharama ndogo zaidi, kuliko aliyeanza na boksi.

Kijana wetu amefanya uamuzi ambao mimi nauheshimu. Amenunua injini nyingine ya 3S-GE iliyotumika, bila turbo, na fundi ameshaifunga. Gari liliunguruma siku ya Alhamisi, farasi 210 kama lilivyozaliwa. Kabla ya kuifunga, fundi alifungua plagi zote nne na kupima kompresheni silinda moja baada ya nyingine, akaandika namba kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi.

Nawe msomaji, kama una gari la aina hii na umeanza kuweka akiba ya turbo, anza na kipimo hicho. Pima silinda zote, andika namba. Fungua plagi, zitazame kwenye mwanga wa jua. Ukikuta silinda moja imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukiilinganisha na wenzake, au ukaona chembe zinazong'aa kwenye kauri, akiba yako ni ya injini. Turbo isubiri.